UZI: Burundi hawajaishiwa vipaji. Sisi wa Kigoma tunaona kinachoendelea

Mwana_Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Intamba mu Rugamba, timu ya taifa ya Burundi, wanapofungwa, vijiwe vya Mwanga na Ujiji vinatoa jibu lilelile: "Warundi wameishiwa vipaji." Hilo ni jibu la uvivu. Sisi wa huku mwisho wa reli tunawaona vijana wao wakivuka Manyovu na begi la viatu begani, wengine wanashukia Kibirizi kwa boti, na kwenye ndondo, mechi za mtaani, hao ndio wanaogombaniwa. Vipaji vipo. Kilichokatika ni pale katikati, mtoto akiwa na miaka 15 hadi 20, anapotakiwa kucheza mechi nyingi, akiwa ameandikishwa, chini ya mwalimu anayemjua. Burundi waliwahi kuwa na kitu hicho. Kikavunjwa, na kila kinapoanza kusimama tena, sisi majirani ndio wa kwanza kuchukua kilichoiva.

Nianzie mbali kidogo, vijana wa 2000 watanivumilia.

Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura ilicheza fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikafungwa na Africa Sports ya Ivory Coast. Baada ya hapo timu ya taifa ikakaribia kabisa kwenda AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 1994, ikatolewa na Guinea kwa matuta kwenye mechi ya kuamua. Mwaka 1995 vijana wao wa chini ya miaka 20 wakafika fainali ya Afrika, wakafungwa na Kameruni, lakini tiketi ya Kombe la Dunia la vijana kule Qatar wakawa wameikata. Kundi lao lilikuwa na Hispania ya Raúl, Japani ya Nakata, na Chile. Sare 1-1 na Chile, wakafungwa 2-0 na Japani na 5-1 na Hispania. Wakarudi nyumbani.

Sasa angalieni tarehe. Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993. Yaani wale watoto walikwenda Qatar nchi yao ikiwaka moto. Mwaka 1996 wakubwa wakacheza mchujo wa kwenda Ufaransa 1998, wakaitoa Sierra Leone. Julai 1996 Buyoya akapindua serikali, majirani wakakutana Arusha wakaweka vikwazo ambavyo vilidumu hadi 1999. Burundi ikajitoa kwenye mchujo, na Sierra Leone waliotolewa ndio wakaingia hatua ya makundi.

Kwa hiyo kijana aliyemkaba Raúl akiwa na miaka 19, alipofika 21 hakuwa na mechi ya kucheza. Mnakiita hicho kushuka kwa kiwango? Kiwango hakikushuka, kilizikwa kikiwa hai.

Halafu kikachomoza tena, nitakuja huko. Kwanza karibuni mnipinge.

---

Beki_Kisiki

Mkuu umeandika vizuri ila vita imeisha zamani. Hadi lini tutasingizia 1993? Nchi ina watu zaidi ya milioni 13. Cape Verde hawafiki hata milioni moja na wamefuzu Kombe la Dunia 2026. Comoro hawa hapa jirani walikwenda AFCON ya Kameruni wakawatoa Ghana mashindanoni. Warundi wana nini cha kujitetea?

---

Mwana_Kibirizi

Beki, Cape Verde na Comoro wana watu wao Ureno, Uholanzi, Marseille. Mtoto anazaliwa kule, anafundishwa kule kwa gharama za watu, kisha anaitwa. Njia halali kabisa, siikatai, na Burundi nao wameipita: Saido Berahino aliondoka Bujumbura mtoto baada ya baba yake kuuawa vitani, akalelewa West Brom, akacheza timu za vijana za Uingereza, mwishoni akarudi kuwa nahodha wa Burundi. Gaël Bigirimana naye ni wa Bujumbura, akapitia Coventry na Newcastle, hata Yanga tukamwona. Lakini wa namna hiyo ni wachache. Huwezi kujaza kikosi na wakimbizi waliobahatika.

Unataka mfano wa haki? Mauritania. Januari 2014, CHAN ya Afrika Kusini, Burundi waliwafunga Mauritania 3-2. Wote wawili walikuwa wageni pale, wote hawajawahi kugusa AFCON. Sasa hesabu: Mauritania wakaenda AFCON ya 2019, 2021 na 2023, na hiyo ya mwisho wakamfunga Algeria 1-0 na kumfungisha virago. Burundi wamekwenda moja tu, 2019. Walianza pamoja. Mmoja alijenga viwanja na ligi ya vijana, akaandaa hadi AFCON ya chini ya miaka 20 nyumbani kwake mwaka 2021. Mwingine alifika mahali hana uwanja wa kuchezea mechi ya nyumbani.

Na CHAN hiyohiyo ina mkasa wake. Burundi walitoka sare na Gabon, wakamfunga Mauritania, mechi ya mwisho wakafungwa 2-1 na DR Kongo, wakatolewa kwa pointi chache. Straika wao bora alikuwa wapi? Msimbazi, kwa Simba. Amissi Tambwe aliipa Vital'O Kombe la Kagame 2013 kule Darfur akiwa mfungaji bora, miezi michache baadaye Simba wakawa wameshamchukua. CHAN ni ya wanaocheza ligi ya nyumbani, kwa hiyo yeye hakuruhusiwa. Msimu huo akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu yetu kwa mabao 19. Sisi tulishangilia. Wao walikosa robo fainali.

---

Bi_Mawese

Kwa hiyo Tambwe angebaki Bujumbura ale nini, kaka yangu? Mnazungumza kama vile kijana ni mali ya taifa. Mimi nina wapangaji wawili hapa Gungu, Warundi, wanacheza mpira. Mmoja anatuma hela kwao kila akipata posho, mama yake yuko Rumonge na wadogo zake wanne. Ligi ya kwao haimlipi cha kueleweka. Hapa ndondo moja tu tajiri akifurahi anapata hela ya mchele wa wiki. Mmlaumu aliyeshindwa kumlipa.

---

Mwana_Kibirizi

Shikamoo mama. Simlaumu kijana hata kidogo, wala Tambwe. Ningekuwa mimi ningepanda boti ya kwanza. Ninachosema ni kwamba anaondoka kabla hajaiva na aliyemlea habaki na kitu. Laiti aliyemlea angelipwa, angelea wengine kumi.

---

Kocha_wa_Watoto

Mleta uzi umegusa penyewe. Nafundisha vijana hapa mjini, sitataja timu. Nisimulie la mmoja, jina namhifadhi.

Alikuja akiwa na miaka 15, kutoka upande wa Nyanza-Lac. Kiungo, mguu wa kushoto. Mazoezi ya kwanza nilimweka na wakubwa. Akipokea mpira alikuwa tayari ameshatazama nyuma ya bega mara mbili, kitu ambacho nawafokea watoto wangu miezi mitatu hawakishiki. Nikamuuliza amefundishwa na nani, akasema mwalimu wa shule ya msingi, wanacheza kwenye kiwanja cha mchanga karibu na ziwa na goli ni miti miwili. Hakuwa na kadi ya timu yoyote. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na kadi ya kliniki tu, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, imeliwa na maji pembeni, mwaka unasomeka nusu.

Nilikaa naye kama msimu mmoja hivi. Kumwandikisha sikuweza. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya mpira. Kuna mwanya kwa wanaokaa mpakani, nyumbani kwake na klabu vyote viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, lakini lazima aendelee kulala kwao na mashirikisho yote mawili yakubali. Yeye alikuwa analala kwangu. Basi akawa anacheza ndondo, mamluki, leo timu hii kesho ile. Kwenye ndondo hakuna anayekufundisha kukaba, wanataka chenga na bao. Miezi sita, lile la kutazama nyuma ya bega likaanza kupotea.

Akaja dalali kutoka Dar. Akamchukua "majaribio" kwenye klabu moja kubwa kidogo, siitaji. Huko wakamwandikia umri mwingine, wakamchezesha na watu wazima kwenye mazoezi, goti likaenda. Alirudi Kigoma kwa treni, mguu umefungwa bandeji ya khanga. Hakuna aliyepiga simu kuulizia. Sasa hivi anaendesha bodaboda Kasulu, na ni mtu mzima wa miaka 22.

Huyo hayumo kwenye takwimu za timu ya taifa ya Burundi wala ya kwetu. Ndiyo maana nasema msitazame matokeo tu.

---

Dereva_Manyovu

Kocha umenitonesha. Nawabeba sana hao. Ukimuuliza unakwenda wapi anakwambia "nakwenda Yanga." Hana namba ya simu ya mtu yeyote wa Yanga 😂 Si wa kumcheka lakini, maana Shabani Nonda naye alianza hivyohivyo, Vital'O, Yanga, Afrika Kusini, hadi Monaco wakacheza fainali ya Ulaya 2004. Kila mtoto wa Bujumbura anamjua Nonda.

---

Beki_Kisiki

Nonda alichezea Kongo lakini, sio Burundi.

---

Dereva_Manyovu

Ndiyo hoja yenyewe hiyo mkuu.

---

Fomu_Namba_Sita

Niongezee upande wa karatasi maana ndiyo kazi yangu, na watu wengi hawaujui.

Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au akihama nje ya nchi kabla mwaka wa kutimiza miaka 23 haujaisha, klabu zilizomlea zinatakiwa kulipwa fidia ya mafunzo. Hesabu inaanzia miaka 12 hadi 21. Mbali na hiyo kuna mgao wa mshikamano: kila anapouzwa nje akiwa na mkataba, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa timu zote alizochezea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila msimu unalipwa robo asilimia ya bei, kuanzia 16 kila msimu nusu asilimia. Inaonekana ndogo. Mtu akiuzwa dola milioni 1, timu ya mtaani iliyokaa naye kuanzia miaka 16 hadi 18, misimu mitatu, inapata dola 15,000. Kwa timu ya Ujiji hizo ni nyasi, mipira na nauli ya miaka kadhaa. Kwa timu ya Rumonge vilevile.

Tatizo? Malipo yanafuata pasipoti ya mchezaji, ile kumbukumbu ya usajili ya shirikisho. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA wana chombo chao kinachokusanya na kugawa hela hizi moja kwa moja, hata klabu isipodai. Lakini kinagawa kwa walioandikwa. Yule kijana wa Kocha hakuandikwa popote kuanzia 12 hadi 18. Hata angefika Monaco, yule mwalimu wa shule ya msingi kule ziwani asingepata senti, Kocha naye asingepata.

Kwa hiyo ninyi mnaosema Burundi haina fedha za kukuza vijana: kuna fedha zilizoletwa na vijana wao wenyewe, zimebaki njiani kwa kukosa fomu. Saido Ntibazonkiza, aliyegawana kiatu cha mfungaji bora wa Ligi Kuu yetu na Mayele msimu wa 2022/23 kwa mabao 17, alitoka Vital'O akaenda NEC ya Uholanzi kijana mdogo, akauzwa na kuhama nchi kadhaa. Fikirieni kila hatua ya namna hiyo ina mgao wake.

---

Mnyamwezi_Halisi

Kutoka Tabora nawasalimu. Msidhani karatasi ni ugonjwa wa Warundi. Mmesahau Agosti 2023 Tabora United inafungua msimu na Azam ikiwa na wachezaji wanane uwanjani kwa mambo ya usajili? Mechi haikufika hata nusu saa ikavunjika, tayari ni nne bila. Ligi Kuu hiyo. Sasa timu ya watoto ya Kasulu itaandikisha nani?

---

Kipa_Mstaafu

Mimi napinga kidogo. Mnasema watoto hawaandikwi, mimi nasema wanaandikwa uongo, na hilo ni baya zaidi. Aprili 2018 Burundi waliandaa CECAFA (mashindano ya Afrika Mashariki na Kati) ya chini ya miaka 17, mechi Ngozi, Muyinga na Gitega. Zanzibar wakaondolewa kwa wachezaji waliozidi umri kabla hawajakaa vizuri. Serengeti Boys, vijana wetu, wakachukua kombe kwa kuifunga Somalia. Mwaka mmoja baadaye AFCON ya umri huohuo ikachezwa kwetu Dar, tukafungwa mechi zote tatu. Ukanda mzima huu tunashinda mashindano ya watoto kwa vijeba, yaani waliozidi umri, tukikutana na watu wanaopima mifupa kwa kipimo cha MRI tunabaki uchi.

Kijeba akichukua namba ya mtoto halali, mtoto halali anaacha mpira. Kijeba mwenyewe akifika timu ya wakubwa amechoka, pasipoti inasema 21, magoti yanasema 27. Mkishangaa kwa nini nyota wa chini ya 17 hawaonekani timu ya taifa, jibu liko hapo.

---

Mwana_Kibirizi

Kipa, hapo nakuunga mkono asilimia zote. Na sasa nirudi kwenye 2019 niliyoahidi, kwa sababu watu huutumia mwaka ule kama ushahidi kwamba mambo yalikuwa sawa.

Mwaka 2019 Burundi waliingia AFCON ya chini ya miaka 20 kule Niger, na wakubwa wakaingia AFCON ya Misri kwa mara ya kwanza katika historia. Kundi la kufuzu lilikuwa na Mali, Gabon na Sudan Kusini, na hawakupoteza hata mechi moja. Machi 23 pale Bujumbura, Gabon ya Aubameyang ikihitaji ushindi, ikaisha 1-1, mji ukalipuka. Niliangalia kibanda umiza hapa Mwanga, nusu ya watu walikuwa Waha wanashangilia Kirundi bila mkalimani. Mwezi uliofuata Papy Faty akaanguka uwanjani Eswatini akafariki, naye alikuwa mmoja wa watu wao muhimu. Kule Misri Burundi wakafungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, 2-0 na Guinea. Hakuna bao hata moja. Septemba tukawatoa sisi wenyewe kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, 1-1 kwao, 1-1 Dar, matuta 3-0.

Lakini kile kikosi kilichotoka Misri kilitakiwa kifuatwe na vijana wa Niger. Kilichofuata ni korona, kisha CAF wakaukataa uwanja wao wa Intwari pale Bujumbura. Juni 2022 Burundi wakamkaribisha Kameruni "nyumbani" Dar es Salaam. Fikirieni kijana wa Ngozi aliyeitwa mara ya kwanza, mechi yake ya nyumbani inachezwa mwendo wa siku mbili kwa basi kutoka kwao. Mama yake hawezi kuja. Shirikisho linalipa ndege na hoteli kama mgeni, kiingilio kiduchu. Na hiyo hela ya ndege mnadhani inatolewa fungu gani? Mimi sioni vitabu vyao, ila kwenye chama chochote cha mpira ninachokijua, hela ikipungua, wa kwanza kukatwa ni watoto, kwa sababu watoto hawana wa kuwapigia kelele redioni.

AFCON ya 2021 hawakufuzu. Ya 2023 hawakufuzu. Ya 2025 hawakufuzu.

---

Bi_Mawese

Na sisi? Mashujaa wako Ligi Kuu tangu msimu wa 2023/24, uwanja wa Lake Tanganyika unajaa, tumeshaandaa hadi fainali ya Simba na Yanga 2021. Watoto wa Kigoma wangapi wanaanza? Mji huu ndio umetoa Sunday Manara na Kaseja. Kabla hatujawalilia Warundi tujihesabu.

---

Kocha_wa_Watoto

Mama, michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikiisha, mtoto wa Kigoma anakaa hadi mwaka unaofuata bila mechi ya ushindani. Ligi ya vijana ya klabu kubwa haifiki Uvinza wala Kakonko. Tofauti yetu na Burundi ni kwamba sisi tuna Dar ya kuficha tatizo. Wao hawana.

---

Beki_Kisiki

Sawa, mmenibana kwenye Mauritania. Ila suluhisho liko wapi? Msinipe "serikali iangalie."

---

Mwana_Kibirizi

Sina la taifa. Nina la hapa. Timu za watoto za Kigoma Mjini ziache kuwapokea wa chini ya 18 kutoka ng'ambo kama mamluki wa ndondo. Mtoto akija kwa likizo acheze bonanza, kisha arudi kwao akiwa na karatasi inayosema alicheza wapi na lini, imesainiwa. Na timu za Nyanza-Lac, Rumonge na Makamba tuzialike kama timu, na walimu wao, badala ya kumchomoa mmoja mmoja. Kutoka Nyanza-Lac hadi hapa ni karibu kuliko sisi kwenda Tabora.

---

Fomu_Namba_Sita

Nipo tayari kukaa na walimu wa pande zote mbili Jumamosi moja tujaze usajili wa watoto wa 12 hadi 15 kwa usahihi. Bure. Waje na cheti cha kuzaliwa, au kama ni kadi ya kliniki basi iwe inasomeka. Kijeba nitamrudisha getini, nisilaumiwe.

---

Dereva_Manyovu

Timu moja ya watoto 16 na mwalimu, kutoka mpakani Manyovu hadi mjini na kurudi, nawatoza mafuta tu. Ila upande wa pili wa mpaka atafutwe dereva wa huko, na barua ya uhamiaji iandikwe mapema, mara ya mwisho tulikaa pale na watoto hadi saa kumi jioni kwa sababu mwalimu alikuja na orodha ya majina 14 na vichwa 17.

---

Kipa_Mstaafu

Hao watatu wa ziada walikuwa na ndevu? 😂

---

Dereva_Manyovu

Mmoja aliniomba kiberiti.